Tulidhani Dereva Amenuna

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu, na katikati ya mazungumzo mengine akaniambia kwamba mbwa wake ana siku tatu hagusi chakula. "Amenuna tu, Mama," akasema. "Ni tangu tulete yule paka." Nilimfokea. Nilimfokea mtu mzima mwenye watoto wake, mpaka akaniuliza kwa sauti ndogo kama niko sawa. Sikuwa sawa. Nilimwambia amchukue huyo mbwa saa hiyo hiyo ampeleke kwa daktari wa mifugo, na asinitajie tena neno kununa. Nilipokata simu, mwenyewe nilijua vizuri kwamba hasira ile haikuwa ya binti yangu. Ilikuwa hasira ya zamani, na mwenye kuistahili ni mimi.

Mama yangu alikuwa na hoteli Mtito Andei, nyuma kidogo ya kituo cha petroli, mahali malori ya Mombasa yalipopenda kuegesha. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye meza nne, jiko la kuni upande wa nyuma, na pipa la maji ambalo sikuwahi kuliona limejaa. Baba alifanya kazi ya reli, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kabla sijamzoea. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa Mama, kaka yangu Kioko aliyenipita miaka minne, mimi, na Ndambuki mpishi, mtu wa makamo ambaye hakupenda watoto wala mbwa lakini ndiye aliyetulisha sote.

Mbwa tuliletewa na dereva wa lori. Alimshusha akiwa ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, akamwambia Mama amshikie mpaka arudi kutoka Nairobi. Hakurudi. Kwa wiki kadhaa tulimwita mbwa wa dereva, halafu kwa uvivu wa ulimi akawa Dereva. Jina hilo lilikuwa na taabu yake. Kioko akisimama nyuma ya hoteli na kupaza sauti, "Dereva! Njoo ule!" wanaume watano waligeuka mezani, na kuna mmoja, naapa, aliyeinuka akaja.

Alikuwa na rangi ya vumbi la pale pale, sikio moja limesimama na jingine limekunjika, na alinuka dizeli na supu. Aliyajua malori. Lori likipita kwenda zake hakufungua hata jicho. Likianza kupumua zile breki za kusimama, yeye alikuwa ameshainuka, anatikisa mkia, kabla sisi hatujajua kuna mteja. Mama aliwahi kummwagia maji ya vyombo alipoingia kwa wateja, mara moja tu, na tangu siku hiyo hakuvuka mlango. Aliweka miguu ya mbele pale pale sementi ilipoanzia, kama mtu aliyechorewa mstari. Mimi ndiye niliyemlisha: ugali uliobaki na supu ya mifupa, katika sufuria iliyobonyea. Lakini alikuwa mbwa wa Kioko. Alilala mlangoni kwa Kioko, na mimi nikimwita alitazama kwanza kama Kioko hajaita. Nilikuwa na miaka kumi, na jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza leo bila kuona haya.

Kioko alipomaliza shule ya msingi akapata nafasi katika shule ya bweni kule Mbooni. Siku chache kabla hajaondoka, tulikwenda sote watatu, yaani Kioko, Dereva na mimi, kumsaidia mjomba kurina asali. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga karibu na mpaka wa mbuga, na kufika huko ni mwendo wa asubuhi nzima. Nzi wa huko si nzi wa jikoni. Ni mbung'o, wale wa kijivu wanaolaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na wanachoma hata kupitia nguo. Tulipigapiga mapaja yetu njia nzima. Dereva alikuwa akirukaruka, anauma hewa, anajizungusha kutafuta mgongo wake mwenyewe, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini. Mjomba alisema tu, "Hawa ndio wanafanya tusifuge ng'ombe huku." Alisema jambo lote, akaendelea kuwasha moshi wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mbwa naye ana damu kama ng'ombe.

Asubuhi ambayo Kioko aliondoka na sanduku lake la bati, Dereva alikuwa amelala chini ya lori fulani na hakumwona. Jioni alikwenda kulala mlangoni pake kama kawaida. Kesho yake alinusa chumba chote, akatoka, akarudi akanusa tena. Nilimwonea huruma, lakini, niseme ukweli, nilifurahi pia. Niliona sasa atakuwa wangu. Na kwa majuma mawili alikuwa wangu kweli. Alinisindikiza shuleni mpaka kwenye lango, nikawaonyesha wenzangu jinsi anavyokaa nikimwambia kaa.

Halafu akaacha kula.

Siku ya kwanza alinusa sufuria akageuza kichwa. Siku ya pili hakuinuka kabisa. Nilimwambia Mama, "Dereva amenuna. Anamtaka Kioko."

"Mwache," Mama akasema, mikono ikiwa kwenye unga. "Njaa ikimuuma atakula."

"Mbwa wa hoteli afe njaa?" Ndambuki akacheka. "Huyo amepewa nyama huko nje na madereva."

Siku ya nne alikula kila kitu, akalamba sufuria mpaka ikazunguka, akafukuza mbuzi wa jirani. Basi nikaona ni kama nilivyosema, amesahau. Baada ya siku tatu akarudi kulala, pua chini, macho yanatazama barabara. Ikawa hivyo: siku mbili mzima, siku nne hataki mtu. Leo najua kwamba homa ile ndivyo ilivyo, inakuja na kuondoka. Wakati ule kila alipopata nafuu nilipata uhakika zaidi kwamba ni tabia. Mgonjwa, niliamini, huwa mgonjwa moja kwa moja. Anayeweza kucheka Jumatatu na kukunja uso Jumatano, huyo ana kinyongo.

Hata masikio yake nilishika. Yalikuwa ya moto. Nilijua maana yake, au nilidhani najua: mara ngapi nilimsikia Mama akisema kuhusu mteja fulani kwamba damu yake imechemka kwa hasira? Basi damu ya Dereva imechemka. Amenikasirikia mimi kwa kuwa si Kioko.

Nami nikakasirika. Nilianza kumsemesha vibaya. Nilikuwa nikichukua chakula alichokataa na kuwamwagia kuku wa jirani mbele ya macho yake, ili aone. Nikipita hapo alipolala sikumwita. Alitikisa ncha ya mkia kidogo, mara mbili, mara tatu, nami nikajifanya sijaona. Nilitaka aje mwenyewe aombe.

Alasiri moja mteja aliondoka haraka akaacha kipande kizima cha nyama ya mbuzi, chenye mfupa na mafuta yake. Nilikificha ndani ya sketi yangu Ndambuki asikione, nikatoka mbio, nikapiga magoti nikamwekea Dereva puani. Mwenyewe sikuwa nimeonja nyama kwa wiki nzima. Alikitazama. Kisha akalaza kichwa chini, polepole, kama mtu anayeweka mzigo. Mwiko wa ugali niliotoka nao jikoni ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilimpiga nao usoni mara mbili. Hakulia wala hakukimbia. Alifumba macho akangoja kama kuna pigo la tatu.

Asubuhi iliyofuata uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliponyamaza. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikimwambia kila mtu habari za Dereva, kwamba hali chakula, kwamba amenuna. Tangu siku hiyo sikusema neno. Uvimbe ule haukutoka kwenye mwiko, ulikuwa sehemu ya ugonjwa, lakini ningejuaje? Niliamini nimemvunja uso. Nilimhamishia nyuma ya pipa la maji ili Mama asimwone, nikamwekea maji kwenye kopo, na kila nilipotoka shuleni nilikwenda kuangalia kama uvimbe umepungua. Nilimficha kwa siku nane hivi. Siku nane ambazo mtu mwenye akili angeweza kumtazama na kusema hiki si kitu cha kawaida.

Mama alimgundua alipokwenda kuchota maji. Alipiga kelele. Nilipofika alikuwa amechuchumaa, amekishika kidevu cha Dereva na kukiinua kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa yamegeuka rangi. Yalikuwa na ukungu wa samawati juu yake, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

"Aiya! Mumbua, tangu lini mbwa yuko hivi?"

"Sijui, Mama."

"Sijui nini, na wewe ndiye unampa chakula?"

Mama akaamua kwamba ni swira, yule nyoka anayetema mate machoni. Kila asubuhi akamwosha macho kwa maziwa ya chai, na maziwa kwetu hayakuwa kitu cha kuchezea. Ndambuki akasema si nyoka, ni chumvi ya supu. Mteja mmoja akasema amekula nyama yenye sumu ya kuua fisi. Mwingine akacheka akasema mbwa wetu amekuwa mzungu, na meza yote ikacheka naye. Mimi nilikuwa na langu, na niliona ndilo la kweli: nilifikiri amelia kimya kimya usiku na mchana mpaka rangi ya macho imekwisha. Kila mtu alikuwa na jibu. Dereva alikuwa akikonda katikati ya majibu yetu, mbavu zinahesabika, na akitembea miguu ya nyuma ilikwenda upande.

Nilimwandikia Kioko barua. Sikumwambia habari ya mwiko. Nilimwandikia kwamba mbwa wake amenuna kwa sababu yake, amelia mpaka macho yamebadilika, na kama ana roho aombe ruhusa aje.

Jibu lilichukua muda mpaka nikakata tamaa. Lilipofika lilikuwa fupi, na la hasira. "Mwalimu wetu wa kilimo anasema mnyama akikataa chakula ana ugonjwa," Kioko aliandika. "Inua mdomo wake uangalie ufizi. Ukiwa kama wako ni sawa. Ukiwa mweupe hana damu, mpelekeni kwa bwana mifugo upesi. Na uache maneno ya kununa. Huyo mbwa nimemkanyaga mkia, nimemnyima chakula, nimemsahau nje kwa mvua. Hajawahi kuninunia hata siku moja. Anayenuna nyumbani kwetu ni wewe."

Nilikwenda nyuma ya pipa nikainua mdomo wa Dereva. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama unga wa ugali. Nikainua mdomo wangu mbele ya kipande cha kioo cha Ndambuki. Nikarudi kwa Dereva. Nilirudia mara tatu, kana kwamba nikirudia sana utageuka.

Bwana mifugo alikuja pande zetu kwa pikipiki, mara moja kila baada ya wiki mbili, kuwachoma ng'ombe sindano. Watu walimwita daktari. Alifanyia kazi penye ile njia nyembamba ya magogo tuliyoiita krashi, ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja wasiweze kugeuka. Bahati ilitaka siku yake iwe kesho yake. Sikwenda shule. Nilimpakia Dereva kwenye wilbaro ya Ndambuki, ile toroli ya gurudumu moja, nikaisukuma kwenye mchanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapanga foleni nyuma ya ng'ombe wa watu. Walicheka, bila shaka. Mtu mmoja aliniuliza kama ndama wangu anatoa maziwa.

Daktari hakuhitaji hata kumgusa. Aliyaona yale macho kutoka mbali, sindano ikiwa mkononi. "Huyo amekwenda kwenye mbung'o," akasema. "Ana ugonjwa ule ule wa hawa ng'ombe."

Nikapata tumaini. "Basi mchome, daktari."

"Kilo ngapi?"

"Nini?"

"Mbwa wako ana uzito gani? Ng'ombe namkadiria kwa macho, nikikosea kidogo hana neno. Mbwa nikimzidishia dawa hii atakufa hapo hapo kwenye wilbaro yako, halafu mama yako aseme nimeua mbwa. Niletee kilo zake."

"Nitazitoa wapi?"

"Mjini si kuna mizani? Songa, msichana. Ng'ombe wanangoja."

Mpaka leo sijui kama nimlaumu. Alikuwa anasema kweli. Lakini alisema kama anayeniagiza kuokota jiwe pale karibu, na mpaka mjini ulikuwa mwendo wa karibu saa nzima na wilbaro ile. Nikageuza. Nilikwenda kwanza kwa muuza nyama. Hata sikumaliza kusema. "Mbwa? Kwenye mizani ya nyama?" akanifukuza kwa kile kisu chake. "Toa hiyo kitu hapa kabla watu hawajaona!" Yeye pia alikuwa anasema kweli.

Nikaenda kwa Mzee Athman, mzee kutoka pwani aliyenunua ndengu za wakulima na kuzipima kwa mizani ya kuning'iniza chini ya baraza lake. Nilijua dini yake na mbwa, nikasimama mbali, nikaanza kulia kabla hajaniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mbwa simshiki, mwanangu," akasema. "Lakini mizani ni chuma, haina udhu wa kuvunjika. Chukua gunia lile bovu, umtie mwenyewe, umtundike mwenyewe. Mimi nitasoma."

Nilimtia gunia shingo ikiwa nje. Hakupigana. Alining'inia pale kama ndengu. Mzee Athman akavaa miwani, akasogea kadiri alivyoona inafaa, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya sukari: kilo kumi na moja. "Kimbia sasa," akasema.

Nilikimbia. Nilipofika krashi hapakuwa na mtu. Palikuwa na mavi ya ng'ombe, vumbi linalotua, na alama ya gurudumu la pikipiki. Nilikaa juu ya gogo na ile karatasi mkononi, nikatukana matusi yote niliyowahi kuyasikia kwa madereva, kwa sauti, moja baada ya jingine. Dereva alinitazama kwa macho yake ya ukungu. Sidhani aliniona.

Nyumbani Mama alikuwa anangoja. Maji hayakuchotwa, vyombo vya mchana vilikuwa vimelala na nzi. "Shule hukwenda, maji hakuna, na wewe unazurura na mbwa kwa wilbaro?" Aliinua mkono. Ndipo nikasema yote kwa pamoja, mbung'o, ufizi, kilo, muuza nyama, na mwisho, sijui kwa nini, mwiko. Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akaniacha nimesimama, akaenda kwenye wilbaro, akainua mdomo wa Dereva kwa kidole gumba.

"Na mimi nimekuwa nikimwosha kwa maziwa," akasema.

Hatukungoja wiki mbili. Siku ya sita mtu alimwambia Mama kwamba yule daktari ameonekana akila mchana katika hoteli ya upande wa pili wa barabara. Mama alifuta mikono, hakuvua hata aproni, akavuka. Mimi nikamfuata na wilbaro.

"Daktari," Mama akasema, amesimama mbele ya meza yake, "chai yangu ina kasoro gani mpaka uje kunywa huku?"

Mtu yule alishtuka na chapati mdomoni. "Hapana, mama. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtoto wangu. Umemwambia alete kilo, ameleta, wewe umeondoka."

"Sikujua kama atarudi, mama."

"Amerudi. Kilo hizi hapa." Akaweka karatasi ya sukari karibu na kikombe.

Daktari aliisoma, akatoka nje akamtazama Dereva, akatikisa kichwa. "Hizi ni za lini?"

"Wiki iliyopita," nikasema.

"Amepungua sana hapo. Kilo hizi hazifai tena."

Nilipiga teke gurudumu la wilbaro hata kidole kikachubuka. Mama alishika mikono ya wilbaro yeye mwenyewe, akaisukuma mpaka kwa Mzee Athman, daktari nyuma yake akitafuna, mimi nyuma ya daktari nikichechemea. Kilo tisa. Daktari akatoa pakiti ya unga wa manjano, akaukoroga kwa maji ndani ya chupa ndogo, akavuta kidogo sana kwenye bomba la sindano, kidogo kiasi kwamba niliona anatudanganya. Dawa ya kumtibu ng'ombe ilikuwa bomba zima. Ya Dereva haikuzidi kijiko cha chai. Vile tulivyohangaika, na kilichohitajika ni kile tu, na kilikuwa kikipita kwetu kwa pikipiki kila wiki mbili tangu mwanzo.

Alimchoma kwenye paja. Kisha akatuambia tusimwache tena aende kule mbugani, na akikataa chakula siku mbili tumshike masikio, tuangalie ufizi, tusingoje macho.

"Kwa hiyo hakuwa amenuna?" nikamuuliza.

Alikuwa akifunga mkoba. "Kununa? Huyu alikuwa na homa, msichana. Wewe ukishikwa na malaria, unakuwa umenuna?"

Siku mbili hakuna kilichobadilika. Siku ya tatu Dereva alisimama. Siku ya nne nilimkuta Mama ameketi chini kwenye vumbi, aproni na yote, Dereva anakunywa supu kutoka kwenye kiganja chake. Nilirudi jikoni mbio kujaza sufuria. Ndambuki, ambaye hajawahi kunipa kitu bila kunung'unika, alichota mwenyewe na kuongeza mfupa. Nikatoka nayo. Sijui kama Dereva aliona kitu mikononi mwangu au alinijua kwa mshindo wa miguu, lakini aliacha kunywa. Alirudi kinyumenyume, tumbo chini, mpaka mgongo ukagonga pipa, akafumba macho.

Nilidhani ni kwa muda. Alipona, nywele zikarudi, jicho moja likasafika kabisa, lile jingine likabaki na ukungu wake. Akaanza tena kuyatambua malori. Alinisindikiza shuleni. Kila Jumamosi nilimtoa kupe, nikamwinua mdomo kuangalia ufizi, naye akatulia kama anayenyolewa. Alilala karibu nami nikisoma. Lakini kula mbele yangu hakula tena, kwa miaka yote mitano aliyoishi baadaye. Nikiweka sufuria na kubaki hapo, aliitazama, akanitazama mimi, akangoja.

Nilijaribu kumweleza. Nilichuchumaa mara nyingi mbele yake nikamwambia kwa Kikamba na kwa Kiswahili kwamba sikujua. Mtu ukimkosea unaweza kumwambia hivyo, akakubali au akakataa. Dereva alinilamba mkono, akatikisa mkia, hakuwa na kinyongo chochote nami, nina hakika. Alikuwa anajua tu kitu kimoja kunihusu, na sikuwa na lugha ya kumwondolea.

Kioko alipokuja likizo aliona. Jioni ya pili akaniuliza, "Mumbua, mbona unamwekea chakula halafu unakimbia?"

"Nina vyombo vya kuosha," nikamwambia.

Nikaingia jikoni, nikasimama nyuma ya mlango bila kugusa chombo hata kimoja, mpaka niliposikia sufuria ikiburutwa kwenye sementi.